Kabla ya Kupanda, Andikeni Milinganyo

Jaribio la shamba linaweza kufia mezani, miezi kadhaa kabla ya mvua ya kwanza, na mwenye nalo asijue mpaka amemaliza kuvuna. Nimefanya kazi ya takwimu za kilimo mkoani Morogoro kwa miaka mingi, na majaribio mengi niliyoyaona yakitoka bila jibu hayakuuawa na ukame wala viwavijeshi. Yaliuawa na mpangilio. Ploti zilipangwa kwa namna ambayo swali la mtafiti haliwezi kujibika, hata mvua inyeshe kwa wakati wake na mizani isikosee gramu moja. Kinachonisikitisha ni kwamba kasoro hiyo huonekana kwa hesabu ya dakika chache, kabla hata ya kununua mbegu. Hesabu yenyewe ni aljebra, ile ile ya x na y tuliyoisoma sekondari. Siku hizi kompyuta inaifanya, na programu nzuri za kazi hiyo hazilipiwi. Sioni sababu ya maana ya vyuo vyetu na vituo vyetu vya utafiti kuendelea kupanda bila kuifanya.

Nianze na jaribio dogo kabisa, msomaji aweze kulifuata kwa kalamu. Mtafiti wa mahindi anataka kujua mambo matatu: mbegu chotara inazidi ya kienyeji kwa kiasi gani, mbolea ya kupandia inaongeza nini, na palizi ya pili ina faida gani kuliko kupalilia mara moja. Kila jambo lina njia mbili, kwa hiyo michanganyiko ni 8. Fedha alizonazo zinatosha ploti 4. Anachagua hivi: ploti ya kwanza ni chotara, mbolea na palizi mbili, ya pili ni chotara, bila mbolea, palizi moja, ya tatu ni kienyeji, mbolea, palizi moja, ya nne ni kienyeji, bila mbolea, palizi mbili. Ukiutazama haraka, mpango unapendeza. Kila jambo limepata ploti mbili kwa mbili na hakuna lililopendelewa.

Sasa tuseme ukweli wa udongo ule ni huu. Mbegu ya kienyeji bila mbolea inatoa magunia 8 kwa ekari. Chotara peke yake inaongeza magunia 2. Mbolea peke yake inaongeza 2. Chotara na mbolea zikikutana zinaongeza mengine 4 juu ya hayo, kwa sababu chotara ndiyo inayoitumia mbolea ipasavyo. Na palizi ya pili, katika shamba hili, haiongezi chochote. Basi ploti ya kwanza itatoa magunia 16, ya pili 10, ya tatu 10, ya nne 8.

Mtafiti anachukua ploti zilizopaliliwa mara mbili, 16 na 8, wastani wake ni 12. Zilizopaliliwa mara moja ni 10 na 10, wastani 10. Anaandika kwenye ripoti kwamba palizi ya pili inaongeza magunia 2 kwa ekari. Afisa ugani anaipokea, mkulima anaweka vibarua, anawalipa, na ghalani hakuna kilichoongezeka. Hakuna aliyedanganya hapo. Vipimo vyote ni sahihi. Faida ya chotara na mbolea kukutana imeandikwa kwa jina la palizi, basi.

Aljebra inaliona jambo hili mara moja. Mpe x jina la mbegu: chotara ni 1, kienyeji ni -1. Mpe y jina la mbolea: ipo ni 1, haipo ni -1. Mpe z jina la palizi: mbili ni 1, moja ni -1. Chukua ploti yoyote kati ya zile nne, zidisha x kwa y, utapata z. Ya kwanza, 1 mara 1 ni 1. Ya pili, 1 mara -1 ni -1. Jaribu mbili zilizobaki. Kwa hiyo ndani ya jaribio hili lote, z = xy. Palizi na kukutana kwa mbegu na mbolea ni safu moja ya namba yenye majina mawili, na hakuna mtakwimu duniani, wala programu, atakayeweza kuyatenganisha baada ya mavuno. Sisi wa fani husema mambo hayo mawili yamefungamana.

Wengi wakisikia hivi hukimbilia kusema dawa ni kuongeza marudio. Si dawa. Rudia ploti zile zile nne mara kumi, zifike 40, na utaambiwa jambo lile lile la uongo kwa uhakika mkubwa zaidi. Marudio yanatuliza bahati nasibu ya udongo na mvua. Mlinganyo z = xy unabaki palepale. Ninalikazia hili kwa sababu nimekaa katika vikao vingi vya kupitia mapendekezo ya utafiti ambamo swali la kwanza na la mwisho kuhusu mpangilio lilikuwa, "Marudio mangapi?" Ukijibu matatu, unapita.

Elimu hii si mpya. Ronald Fisher aliajiriwa mwaka 1919 katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, kaskazini mwa London, akakuta vipimo vya mashamba vya miongo mingi vimelundikana. Ndiko alikojenga hoja kwamba mambo kadhaa yajaribiwe kwa pamoja badala ya moja moja. Frank Yates alimfuata mwaka 1931, na mwaka 1937 akachapisha kijitabu cha namna ya kupanga na kuchambua majaribio ya aina hiyo. Mwaka 1945 David Finney akaonyesha jinsi ya kupanda nusu au robo tu ya michanganyiko, huku ukijua kwa hakika nini kinafungamana na nini. Kazi hiyo waliifanya kwa penseli, kwa kuzidisha herufi. Mwaka 1954 Rothamsted ilipata kompyuta ya Elliott 401, kwa hiyo ndoa ya kompyuta na majaribio ya shamba ina umri mkubwa kuliko uhuru wetu.

Lakini hesabu za penseli zilikuwa na sharti. Ploti ziwe nusu kamili, au robo kamili, au thumuni kamili ya michanganyiko yote, na zote zifike kwenye mavuno. Mashamba yetu hayatii sharti hilo. Maji yanaingia, ng'ombe wanaingia, ngedere wanachagua ploti yenye mahindi matamu, na usiku mtu anapita na kiroba. Unapanda mpango wa kitabuni, unavuna mabaki yasiyo na umbo.

Mwanafunzi mmoja wa uzamili alinijia na mabaki ya namna hiyo kutoka Dumila, wilayani Kilosa. Alikuwa na mambo matatu yale yale, mbegu, mbolea na palizi, na alipanda michanganyiko yote 8, kila mmoja mara moja, kwa kuwa bajeti haikuruhusu marudio. Mto ukafurika.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Umevuna?"

"Nimevuna, ila ploti mbili zimekwenda na maji."

"Zipi?"

Alisita, kama mtu asiyeona swali lina maana gani. "Ni mbili tu, Mwalimu. Sita zipo."

Swali lilikuwa na maana yote. Tulifungua ramani yake tukakuta zilizokwenda ni ile yenye kila kitu, yaani chotara, mbolea na palizi mbili, na ile isiyo na kitu, yaani kienyeji, bila mbolea, palizi moja. Niliwasha kompyuta nikafungua CoCoA, programu ya aljebra iliyoanzia Genova, Italia, mwaka 1987. Niliandika mistari sita, kila mstari namba tatu za 1 na -1, ploti moja mstari mmoja. Kisha nikaiomba itafute milinganyo yote ambayo ploti hizo sita zinaitii, ikiwa imesafishwa, bila kurudiarudia.

Ilirudisha milinganyo minne kabla kijana hajaweka begi lake chini. Mitatu haikuwa na habari: x mara x ni 1, y mara y ni 1, z mara z ni 1, maana yake kila jambo lina njia mbili tu. Wa nne ndio uliokuwa na habari yote:

xy + xz + yz + 1 = 0

Nilimwambia auhakiki mwenyewe kwa kalamu. Alichukua ploti ya chotara, mbolea, palizi moja: xy ni 1, xz ni -1, yz ni -1, jumla ni -1, ongeza 1, sifuri. Alichukua nyingine, sifuri. Zote sita, sifuri. Mlinganyo huo unasema hivi kwa lugha ya shamba: mbegu, mbolea na palizi zenyewe ziko salama, zinapimika. Miingiliano mitatu ya mambo mawili mawili, yaani mbegu na mbolea, mbegu na palizi, mbolea na palizi, haiwezi kupimwa yote pamoja na wastani, kwa sababu ukiijua miwili, wa tatu umeshajulikana. Mmoja lazima uachwe. Upi? Programu hailijui hilo. Inategemea umeiambia herufi zipi zitangulie, na hapo ndipo mtafiti anapolazimika kusema waziwazi analojali zaidi. Kijana alijali mbegu na mbolea. Tukabakiza mwingiliano huo peke yake, tukaandika kwenye tasnifu sharti lake, kwamba hesabu inasimama endapo palizi haina mwingiliano wa maana na mbegu wala mbolea, na tukabaki na ploti moja ya kupimia bahati nasibu. Ni kidogo mno, na hilo nalo liliandikwa. Tasnifu ikawa fupi kuliko alivyotarajia, lakini kila sentensi yake ilikuwa na miguu ya kusimamia.

Sasa fikiria mto ungechukua ploti mbili nyingine: zile mbili za chotara na mbolea, moja ya palizi mbili na moja ya palizi moja. Bado ni mbili, bado zinabaki sita. Kompyuta ingerudisha mlinganyo huu: xy + x + y + 1 = 0. Tazama ulivyo tofauti. Mwingiliano wa mbegu na mbolea sasa umefungwa kwenye mbegu yenyewe na mbolea yenyewe. Hakuna uchaguzi wa kufanya. Swali kubwa la utafiti, chotara na mbolea zikikutana inakuwaje, limeondoka na maji, na ploti sita zilizobaki haziwezi kulirudisha. Katika michanganyiko 8 kuna namna 28 za kupoteza ploti mbili. Namna 4 ni kama ya kijana huyu. Namna 12 ni za jirani, yaani ploti mbili zinazotofautiana kwa jambo moja tu, kama nilivyoeleza hapa. Namna 12 zilizobaki zinafungamanisha kwa mtindo mwingine tena. Anayesema "ni mbili tu" hajasema kitu.

Kwa mambo matatu mtu mwenye subira anaweza kuyaona haya kwa macho. Kwa mambo 7 yenye njia mbili mbili, michanganyiko ni 128, na ukipanda 20 za kuokotaokota hakuna jicho litakaloona. Hapo ndipo aljebra ya kompyuta inapostahili kuitwa chombo cha kazi. Msingi wake uliwekwa na Bruno Buchberger, kijana wa Austria aliyeandika tasnifu yake ya udaktari Innsbruck mwaka 1965. Alitoa njia ya kuchukua rundo la milinganyo yenye herufi nyingi na kuisafisha mpaka ibaki michache inayosema kila kitu. Matokeo hayo aliyapa jina la msimamizi wake, Wolfgang Gröbner, na hadi leo yanaitwa besi za Gröbner. Ilipita miaka 31. Mwaka 1996 Giovanni Pistone wa Italia na Henry Wynn wa Uingereza walichapisha katika jarida la Biometrika makala iliyosema, kwa kifupi, kwamba jaribio lolote ni orodha ya nukta, orodha yoyote ya nukta ina milinganyo yake, na milinganyo hiyo ndiyo ufungamano. Sharti la nusu kamili na robo kamili likaondoka. Miaka mitano baadaye, wakiwa na Eva Riccomagno, walitoa kitabu kizima. Mimi nakihesabu kuwa miongoni mwa vitabu vyenye manufaa zaidi kwa mtafiti wa shamba lisilotii kitabu, ingawa kimeandikwa kama vile msomaji wake hajawahi kushika jembe.

Kuna jambo moja la kiufundi ambalo ningependa lieleweke, kwa sababu ndilo linaloitofautisha aljebra ya kompyuta na hesabu za kompyuta tulizozizoea. Programu za kawaida hufanya kazi kwa desimali zilizokatwa. Iambie kompyuta ijumlishe 0.1 na 0.2 kwa njia ya kawaida, kisha iulize jibu kamili, itakupa 0.30000000000000004. Kwa wastani wa mavuno hakuna anayejali. Lakini ufungamano ni swali la ndiyo au hapana: namba hii ni sifuri au si sifuri? Ukipata jibu lenye sifuri kumi na tano kisha 4, umepata nini? Programu ya aljebra haikati. Theluthi inabaki theluthi, kipeuo cha pili cha 2 kinabaki hivyo hivyo mpaka mwisho wa hesabu. Chukua mpango wa ploti 12 ulioandikwa na Robin Plackett na J. P. Burman mwaka 1946, ambao unaweza kubeba mambo hadi 11. Ndani yake, mwingiliano wa mambo mawili haufungamani na jambo moja la tatu kikamilifu. Unatawanyika juu ya mambo mengine yote, theluthi moja kwa kila moja, kwa kuongeza au kwa kupunguza. Ukiona 0.3333 kwenye skrini unaweza kudhani ni bahati ya data. Ukiona 1/3, unajua ni sheria ya mpango wenyewe, na ungeijua kabla ya kuchimba shimo la kwanza.

Mwenzangu mmoja, mtakwimu mzuri, anapinga wito wangu huu. Anasema programu za takwimu tulizonazo zinatosha: ukiweka jambo lililofungamana, programu inaliacha nafasi tupu kwenye jedwali, na mtu mwenye akili atashtuka. Ninamheshimu, lakini nafasi hiyo tupu inakuja baada ya mavuno, pesa zikiwa zimekwisha. Tena inasema tu kuhusu fomula uliyoandika wewe. Ukiandika fomula isiyo na miingiliano, kama wanafunzi wengi wanavyofanya, jaribio la ploti nne nililoanza nalo, likirudiwa, halitaacha nafasi tupu hata moja. Jedwali litajaa vizuri, na palizi itapewa magunia yake mawili ya bure. Milinganyo haingoji uandike fomula. Inasema ukweli wa ploti zenyewe.

Pingamizi lingine ni kwamba hesabu za Buchberger zinaweza kuvimba. Ni kweli kabisa. Kwa milinganyo fulani kompyuta inaweza kukesha na kumbukumbu ikajaa bila jibu. Lakini sisi hatuanzi na milinganyo ya ovyo, tunaanza na orodha ya ploti, na kwa orodha ya nukta Buchberger mwenyewe pamoja na Michael Möller walitoa mwaka 1982 njia fupi isiyovimba hivyo. Jaribio la ploti arobaini au sitini kwenye laptopu ya kawaida ni jambo la sekunde. Na halihitaji intaneti ukishapakua.

Gharama nayo si kisingizio. CoCoA ni bure. Singular, iliyokuzwa Kaiserslautern, Ujerumani, ni bure. Macaulay2 ya Daniel Grayson na Michael Stillman ni bure. GAP, iliyoanzishwa Aachen mwaka 1986 kwa ajili ya aljebra ya makundi, ni bure, na ina kifurushi cha Leonard Soicher kinachoitwa DESIGN kilichotengenezwa mahsusi kwa mipangilio ya bloku. Anayejua Python anaweza kuanza na SymPy leo jioni. Watu wa nchi maskini mara nyingi huambiwa wasubiri leseni. Hapa hakuna leseni ya kusubiri.

Kinachokosekana ni mtu wa kuvuka ukuta. Katika vyuo vyetu mwanafunzi wa hisabati anafundishwa pete na aideali bila kuonyeshwa ploti hata moja, naye mwanafunzi wa kilimo anafundishwa jedwali la uchambuzi wa tofauti bila kuambiwa kwamba chini yake kuna aljebra. Nimewahi kuwakalisha wanafunzi wa pande hizo mbili meza moja mchana mmoja, ramani ya shamba katikati, na wa hisabati ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuliza kama ploti za pembeni mwa mto zinaweza kupangwa upya ili zikipotea zisichukue swali kubwa. Hilo ni swali la kilimo, na lilitoka kwa mtu aliyekuwa hajui mahindi hupandwa kwa nafasi gani.

Na si kilimo tu. Daktari mwenye jedwali la wagonjwa wachache, baadhi ya visanduku vikiwa na mtu mmoja au hakuna, hawezi kuamini vipimo vilivyojengwa kwa idadi kubwa. Persi Diaconis na Bernd Sturmfels walionyesha mwaka 1998 kwamba besi zile zile za Gröbner zinatoa hatua za kutembea kutoka jedwali moja hadi jingine lenye jumla zile zile, ili ulilolipata hospitalini ulilinganishe na yale ambayo bahati ingeweza kuleta. Nalitaja kwa kupita. Mwenye ujuzi wa hospitali aliandike kwa nafasi yake.

Msomaji asiye mtafiti anaweza kuuliza haya yanamhusu nini. Serikali ilirudisha ruzuku ya mbolea mwaka 2022, na kila mfuko unaobebwa kutoka kwa wakala unafuata ushauri wa mfuko gani, kiasi gani, kwa mbegu gani. Ushauri huo unatoka kwenye ploti. Kongwa, Nachingwea na Urambo bado zinakumbuka mpango wa karanga wa Waingereza wa mwaka 1946 hadi 1951, ambapo mapori yalifyekwa kwa matrekta kabla ya majaribio ya kutosha ya udongo na mvua, na pauni zaidi ya milioni 30 zikapotea. Leo tunajaribu kwanza, na hilo ni jema. Lakini jaribio lenye z = xy ndani yake linatoa namba zenye sura ya utafiti, na namba hizo zinaaminiwa kuliko ujinga mtupu ambao angalau kila mtu anautilia shaka.

Ninachoomba ni karatasi moja. Kila pendekezo la utafiti wenye ploti, liwe la uzamili, la uzamivu au la mradi wa wafadhili, liambatane na ukurasa mmoja wenye milinganyo ya mpango huo, ikielezwa kwa maneno ya kawaida kwamba hiki kinafungamana na hiki. Chini yake iandikwe nini kitatokea ikipotea ploti yoyote moja, au mbili zozote. Kwa ploti 16, namna za kupoteza mbili ni 120, na kompyuta inazipitia zote wakati unangoja chai. Wasimamizi wa tasnifu wasisaini bila ukurasa huo. Kamati za fedha zisitoe senti bila ukurasa huo. Wakuu wa idara za hisabati na za kilimo wakubaliane kufundisha somo hilo pamoja, hata kama ni wiki mbili tu za muhula, darasa moja, kompyuta zilizopo.

Na wewe mkulima unayeombwa robo ekari ya majaribio msimu ujao, ardhi ni yako na jasho la kuilinda ni lako. Kijana akija na kamba na vigingi, mkaribishe, kisha umuulize mambo mawili: ploti hizi zitajibu swali gani, na zikipotea mbili, swali gani litabaki bila jibu? Asipokuwa na majibu, mwambie akayatafute kwanza, vigingi vitamsubiri.